Kujinenea mema kila asubuhi: lini kunasaidia, lini kunaumiza, na namna ya kutunga kauli yako mwenyewe

#1 Mleta uzi

Habari zenu wanajukwaa.

Naomba tuzungumze kwa kirefu kuhusu hizi kauli za kujinenea ambazo siku hizi ziko kila mahali. Mtu anaamka, anasimama mbele ya kioo, anajiambia "mimi ni mzuri, mimi ni tajiri, mimi ni mshindi", anarudia mpaka chai inapoa. Ziko kwenye status, kwenye semina za kiingilio, kwenye vipindi vya asubuhi redioni. Baadhi yenu mlinifuata PM baada ya uzi wangu wa presha mkiuliza kama zinamsaidia mtu kujikubali na kuacha tabia zinazomuumiza: soda kila mchana, pombe, mkorogo, kukaa kitako siku nzima, kuruka dawa. Nimeona nijibu hapa wote tufaidike.

Mimi ni muuguzi na mshauri nasaha. Nimekaa kliniki ya sukari na presha, na kwa muda mrefu zaidi CTC, yaani kliniki ya matunzo na matibabu ya wanaoishi na VVU. Kwetu kule "kujikubali" ni neno la kazi, linatajwa kila siku. Mtu ambaye hajaikubali hali yake haji kuchukua dawa, au anazichukua halafu anazihamishia kwenye mfuko wa nailoni ili kopo lisionekane, au anameza siku anayojisikia tu. Aliyejikubali unamjua hata anavyokaa kwenye benchi. Kwa hiyo maneno ambayo mtu anajiambia kimoyomoyo nayachukulia kwa uzito uleule ninaouchukulia wa kipimo cha damu.

Msimamo wangu ni huu: kujinenea kunafanya kazi, lakini kauli nyingi zinazosambazwa zimetungwa vibaya, na wanaoumia nazo ni walewale waliozihitaji kuliko wengine.

Mambo haya hayakuanza na mitandao. Kulikuwa na mfamasia Mfaransa, Émile Coué, aliyezaliwa mwaka 1857. Akiwa dukani kwake aligundua kwamba mgonjwa akikabidhiwa dawa pamoja na maneno ya kuisifia hupata nafuu zaidi kuliko aliyekabidhiwa kimyakimya. Baadaye alihamia mji wa Nancy akawa anapokea wagonjwa bure na kuwafundisha sentensi moja: kila siku, kwa kila namna, ninazidi kuwa nafuu. Waliisema mara 20 asubuhi na mara 20 usiku, wakihesabu kwa kamba yenye mafundo 20. Ilienea Ulaya na Marekani miaka ya 1920.

Tazameni ile sentensi jinsi alivyoitunga. Hakumwambia mgonjwa aseme "nimepona". Alimpa maneno ya safari: ninazidi, kila siku. Na yeye mwenyewe alikuwa akisisitiza kwamba mtu akitumia nguvu ya nia kupambana na picha iliyomo kichwani mwake, ile picha ndiyo inayoshinda. Unaweza kujilazimisha kusema unajipenda, lakini kama ndani kuna picha ya mtu asiyefaa, kadiri unavyosukuma ndivyo ile picha inavyokujibu.

Mwaka 2009 watafiti wa Kanada, akiwemo Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, walilipima jambo hili. Waliwapa watu sentensi ya kujirudia yenye maana ya "mimi ni mtu wa kupendwa", kengele ikilia kila baada ya sekunde 15, kwa dakika nne. Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wanajidharau walijisikia vibaya kuliko wenzao wanaojidharau ambao hawakusema kitu. Maneno yaliyokusudiwa kuwainua yaliwashusha.

Hii naiona kliniki kila wakati. Dada amebeba kilo nyingi, sukari imepanda, mume anamsimanga. Unamwambia ajirudie "nina mwili mzuri, nina afya". Akisema tu, moyo unamjibu: muongo wewe. Kila anaporudia anajikumbusha ushahidi wa upande wa pili. Baada ya wiki anaacha, na sasa ana jambo jipya la kujilaumu, kwamba hata kujinenea kumemshinda.

Utafiti uleule ulikuwa na sehemu nyingine ambayo watu hawaitaji. Wale wanaojidharau walipoambiwa wafikirie namna sentensi ile ilivyo kweli na pia namna isivyo kweli, walikuwa na hali nzuri kuliko walioambiwa watazame upande wa kweli peke yake. Ukimruhusu mtu aseme na udhaifu wake, mzigo unapungua. Hapo ndipo ushauri wangu wote unapoanzia.

Nitaendelea na namna ya kutunga. Karibuni kwanza.

#2 Mchangiaji

Nimekaa hapa, nasubiri muendelezo. Hiyo ya moyo kukujibu "muongo wewe" imenigusa sana.

#3 Mchangiaji

Mleta uzi heshima yako. Lakini mbona mimi kanisani kwetu tunakiri kila Jumapili, "mimi ni kichwa wala si mkia", na imenisaidia? Nilikuwa siwezi hata kusimama mbele ya watu. Usije ukawavunja watu moyo wa imani.

#4 Mchangiaji

Mimi naona kinyume na wewe #3. Haya mambo ya kujitamkia mbele ya kioo yana roho nyingine ndani yake. Mwanadamu hajiumbi kwa mdomo.

#5 Mleta uzi

#3 na #4, nawaheshimu wote wawili na sitaki uzi ugeuke kuwa wa dini. Niseme tu nilichokiona kwenye maandiko yenyewe.

Zaburi ya 42 mtunzi anazungumza na nafsi yake mwenyewe. Anaiuliza kwa nini imeinama, kwa nini inafadhaika ndani yake, kisha anaiambia imtumaini Mungu. Hakuanza na ushindi. Ameanza na machozi yaliyokuwa chakula chake mchana na usiku, ameyataja, ndipo akaipa nafsi yake neno la kuishika. Mtu akikiri kwa mfano huo, mimi sina neno naye. Ninachokipinga ni mtu kulazimishwa aruke sehemu ya kwanza, aambiwe kutaja huzuni ni kukosa imani.

Na wewe #3, nadhani kilichokusaidia kina sehemu mbili. Unayaamini yale maneno kwa sababu yametoka kwa Mungu unayemwamini, na unayasema pamoja na watu wanaokujua kwa jina. Mtu anayeyasema peke yake chumbani akiwa hayaamini yuko mahali pengine kabisa.

#6 Mchangiaji

Niongezee upande wetu Waislamu. Kwenye nyiradi za asubuhi na jioni kuna dua ambayo mtu anajikinga kwa Mwenyezi Mungu na wasiwasi na huzuni, kushindwa na uvivu. Yaani unautaja udhaifu wako mmoja mmoja kabla hujatoka nyumbani. Bibi yangu alikuwa akiisoma kwa sauti akifagia uwanja. Sikuwahi kuitazama kwa jicho hili. Shukrani.

#7 Mleta uzi

Barakallahu fik #6. Umenisaidia kueleza nilichokuwa natafuta maneno yake.

Sasa tuje kwenye kutunga.

Jambo la kwanza, tafuta lililo kweli leo. Hata kama ni dogo kiasi gani. Yule dada wa sukari tulikaa naye mpaka akapata sentensi ambayo moyo wake haukuweza kuibishia. Ilikuwa hivi: "Mwili huu umezaa watoto wangu na unanibeba kwenda sokoni kila siku. Nataka kuutunza." Hakuna uongo hapo. Hakuna kilo wala kioo. Aliisema mara ya kwanza akalia, mara ya pili akanyamaza, mara ya tatu akaniuliza maswali kuhusu ugali.

Kuna sababu sentensi kama hiyo inashika. Mwaka 1988 Claude Steele, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba binadamu anahitaji kujiona kuwa mtu kamili mwenye maana, na anapoguswa sehemu moja anaweza kusimama kwa kuikumbuka sehemu nyingine anayoithamini. Kwa hiyo anayesimangwa kwa mwili wake hahitaji kubishana kuhusu mwili. Anaweza kukumbuka kwamba yeye ni mama anayetegemewa, ni mtu wa neno lake, ni fundi mzuri, ni mtu wa sala. Ukishasimama hapo, habari mbaya haikuangushi na unaweza kuisikiliza.

Kwa sisi watu wa afya hilo ni kubwa mno. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2000, ambao Steele alishiriki, uliwaonyesha wanafunzi wa chuo filamu fupi kuhusu UKIMWI. Waliopewa kwanza nafasi ya kutafakari mambo wanayoyathamini maishani walikubali zaidi kwamba wao pia wako hatarini, na wakanunua kondomu wengi zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2015 kundi la Emily Falk nalo lilichukua watu wazima wasiofanya mazoezi, wakawavalisha vifaa vya kupima mwendo. Waliotafakari wanayoyathamini kabla ya kusomewa ujumbe wa afya walipunguza kukaa kitako katika wiki zilizofuata. Ujumbe ulikuwa uleule, ila uliwakuta wamesimama.

Naomba wenzangu wauguzi na madaktari mliomo humu mlisome hilo mara mbili. Tunawafokea wagonjwa. "Mama nimekwambia mara ngapi, unataka kukatwa mguu?" Mgonjwa anaposhambuliwa anajikinga, na kujikinga kwake ni kutokusikia. Muulize kwanza anaishi kwa ajili ya nini. Dakika tatu zinatosha.

Jambo la pili, sentensi iwe ya mwendo kama ya Coué. "Najifunza kula kwa utulivu" inakubalika hata siku uliyokula vibaya. "Mimi ni mtu mwenye nidhamu ya chakula" inavunjika ukila andazi moja, na ikivunjika unakula na yaliyobaki.

La tatu linahusu tabia yenyewe, nitaliandika jioni nikitoka zamu.

#8 Mchangiaji

Hapo kwa wauguzi kufoka umesema kweli tupu dada. Kuna mahali niliacha kwenda kwa sababu hiyo, nikawa nanunua dawa za presha mtaani bila hata kupimwa.

#9 Mchangiaji

Mimi naomba kupinga kidogo, kwa heshima. Haya ni mambo ya watu wenye uhakika wa mlo. Kijana hana ajira, kodi ya chumba imeisha, wewe unamwambia ajinenee. Tatizo la wengi wetu ni mfuko. Kujikubali hakulipi kodi.

#10 Mchangiaji

Naomba niseme la kwangu kabla mleta uzi hajarudi. Naishi na VVU. Natumia jina hili la bandia hapa kwa hiyo nitasema kwa uwazi.

Nilipopokea majibu, neno lililonikaa kichwani ni "nimekwisha". Nilikuwa naamka nalo, nalala nalo. Hakuna aliyeniambia, nilijiambia mwenyewe. Kwa hiyo anayedhani maneno hayana nguvu aanze kwanza kuhesabu yale mabaya anayojisemea, maana yale hatuyatilii shaka hata siku moja.

Aliyenitoa ni mviu mshauri, mama mmoja mtu mzima anayeishi na virusi miaka mingi. Hakuniambia "wewe ni mzima". Alinifundisha niseme: "Virusi vimo mwilini mwangu, lakini mimi si virusi. Leo nameza dawa yangu." Basi. Maneno machache, na yote ni kweli. Kisha akaniuliza nina kitu gani nakifanya kila siku bila kukosa. Nikamwambia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, nimekulia nyumba ambayo baba alikuwa haruhusu mtu kuongea wakati wa taarifa. Akasema vizuri, ukisikia muziki wa taarifa unaanza, sema maneno yako umeze.

Mpaka leo muziki ule ukipigwa mkono wangu unaenda wenyewe kwenye kopo. Wingi wa virusi kwangu hauonekani kwenye kipimo. Nimeoa, mke wangu hana maambukizi, tuna mtoto hana maambukizi. Hata sasa zipo siku lile neno "nimekwisha" linapita. Nalisikia, naliacha lipite, nasubiri saa mbili.

#11 Mchangiaji

#10 Mungu akutunze ndugu yangu.

#12 Mchangiaji

Nimeshindwa kusoma bila machozi. Asante kwa ujasiri.

#13 Mleta uzi

#10, nilitaka kuandika jambo la tatu na wewe umeshaliandika vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Nitaongeza tu maelezo ya kitaalamu, kisha nimjibu #9.

Kwanza kwa wasiojua: mtu anayetumia dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Hilo limethibitishwa kwa tafiti kubwa zilizofuatilia wapenzi ambao mmoja anaishi na virusi na mwingine hana. Lielezeni majumbani.

Mama yule mshauri alifanya mambo mawili kwa pamoja. Alimpa neno, kisha akalifunga neno kwenye saa na tendo. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kwenye sentensi za namna hii: "likitokea jambo fulani, nitafanya jambo fulani". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 wakaona watu wenye mpango wa namna hiyo wanatimiza malengo yao kwa kiasi kikubwa kuliko wenye nia peke yake. Nia tunazo wote. Kinachokosekana ni kujua ni lini hasa, na wapi.

Kwa hiyo "nitafanya mazoezi" ni matamanio. "Daladala ikifika kituo kimoja kabla ya kwangu nitashuka nitembee" ni mpango. "Nitaacha soda" ni matamanio. "Mhudumu akiniuliza unakunywa nini nitasema maji" ni mpango, tena unauandaa kabla hujaingia mgahawani, kwa sababu mbele ya friji mdomo unajibu kwa mazoea. Na soda nyingi za kola za mililita 330 zina takriban gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apunguze sukari ya kuongezwa mpaka chini ya asilimia 10 ya nguvu anayoipata kwa siku, na ikiwezekana asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25. Chupa moja imeshavuka hapo.

Wengi huniuliza ni siku ngapi tabia inakuwa mazoea. Mtandaoni mtaambiwa 21. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96, kila mmoja akichagua tabia yake ndogo, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Wastani ulikuja siku 66, lakini kulikuwa na wa siku 18 na makadirio yaliyofika 254. Na kitu ambacho ninawasomea wagonjwa wangu kila mara: kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Wengi tunaacha kwa sababu ya siku moja. Tunaruka Jumanne, Jumatano tunajiambia "nilijua siwezi". Hapo ndipo kauli ya kujinenea ina kazi yake kubwa kabisa, siku ya pili baada ya kuanguka. Jitungie ya siku hiyo mapema. Kwa mfano: "Jana nimeruka. Ni kawaida ya anayejifunza. Leo naendelea."

#9, mdogo wangu, hujakosea kuuliza. Maneno hayalipi kodi na sitakudanganya. Yako mafundisho yanayowaambia vijana wajione tayari ni matajiri, wafunge macho waone gari. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen ametafiti hilo tangu miaka ya 1990, na moja ya kazi zake za mwanzo ilihusu wanawake waliokuwa wanapunguza uzito. Waliokuwa wanaota picha tamu za mafanikio walipungua kilo chache kuliko ambao ndoto zao hazikuwa tamu hivyo. Ukishakula matunda kichwani, mwili unalegea. Yeye anashauri mtu alitazame lengo lake, kisha hapohapo akitazame kikwazo kilichopo, akipangie. Kwako kikwazo ni pesa na uhaba wa kazi, na kinatajwa hivyo hivyo kilivyo.

Ila kuna kitu nataka ukiwazie. Kijana asiye na kazi huambiwa na kila mtu kwamba hana thamani, na baada ya muda anaanza kukubaliana nao. Akishakubali haendi tena kuuliza kazi, anakwepa marafiki, anaanza na pombe kali za bei ya chini. Kwake yeye sentensi ya kweli inaweza kuwa "Sina kazi, na bado mimi ni mtu wa kuaminika. Leo nampigia fundi mmoja." Kodi haijalipwa, lakini simu imepigwa.

#14 Mchangiaji

#9 hapa. Nimekuelewa dada. Hiyo ya "sina kazi, na bado" nimeichukua.

#15 Mchangiaji

Niko Mombasa. Nimejaribu kuwacha muguka, haya majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, mara kadhaa. Shida si asubuhi, shida ni alasiri, vijana wakikaa barazani na mfuko uko katikati. Nikijiambia "mimi si mtu wa muguka" nacheka mwenyewe moyoni. Nifanyeje?

#16 Mleta uzi

#15 kaka yangu, umeshafanya nusu ya kazi, umeijua saa na mahali. Wengi hawajui.

Usiseme "mimi si mtu wa muguka", maana jana ulikuwa nao na nafsi yako inakumbuka. Jaribu mambo mawili. Moja, jisemeshe kwa jina lako, kama anavyokusemesha kaka mkubwa. Mwanasaikolojia Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojisemesha kwa jina lao badala ya "mimi" walitulia zaidi kwenye mambo yanayowatia hofu, na walifanya vizuri zaidi. Tunavyowashauri wengine tuna busara kuliko tunavyojishauri. Kwa hiyo: "Fulani, ni alasiri, mate yanakutoka, si ajabu. Unafanya nini sasa?" Ukijiuliza, unalazimika kujibu.

Mbili, jibu liwe tayari tangu mchana. Adhana ya alasiri ikiadhiniwa uwe na mahali pengine pa kwenda: msikitini, uwanjani, kwa mama, kazini. Baraza usilikatae milele, hao ni watu wako. Likwepe saa ile kwanza, urudi usiku baada ya isha wakati mfuko umekwisha. Kama kuna mmoja pale naye anataka kuacha, lifanyeni jambo hili kwa pamoja. Na usingizi ukivurugika siku za mwanzo, ukawa mzito, mwenye uchovu na hasira, ujue ni mwili unazoea. Watu wa nyumbani waambie mapema wasikuelewe vibaya.

#17 Mchangiaji

Naomba tuzungumze na mkorogo. Mimi ni binti, nimejichubua tangu chuo. Sasa nataka kuacha lakini nikiacha uso unaungua na kuwa mweusi mabakamabaka, nikijitazama natamani kurudia. Nikisema "mimi ni mweusi na ni mzuri" nakuwa naigiza. Nimechoka.

#18 Mleta uzi

Mdogo wangu, kwanza ngozi, kisha maneno, kwa sababu hapa ukianza na maneno utaumia bure.

Mikorogo mingi huwa na zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za steroidi, na mara nyingine vyote pamoja. Zebaki huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na kuizoesha, ndiyo maana ukiacha ghafla inawaka. Kule kuungua ni ngozi iliyonyimwa kitu ilichozoeshwa, na haimaanishi kwamba rangi yako ya asili ni mbaya. Kwa hiyo usiache peke yako chumbani. Nenda kliniki ya ngozi hospitali ya rufaa, beba na vikopo vyenyewe, daktari akupunguzie taratibu. Kwa walio Kaskazini, pale KCMC Moshi kuna kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi wa ukanda mzima. Jikinge na jua wakati huo wote.

Maneno sasa. "Mimi ni mzuri" iache kwanza, itakuja yenyewe au isije, haidhuru. Sema lililo kweli: "Ngozi yangu imeumia na inapona. Siiongezei jeraha leo." Ukipita mbele ya kioo asubuhi sema hilo ukipaka mafuta ya kawaida uliyoandikiwa, kisha ondoka. Usikae kioo kukagua.

Na uondoe sauti nyingine zinazokunenea. Nani kwenye simu yako anauza rangi? Mtoe. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o alisimulia hadharani kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe zaidi, asubuhi anakimbilia kioo. Alisema mabadiliko yalianza alipomwona Alek Wek, mwanamitindo kutoka Sudan Kusini mwenye weusi wa kukolea, akisifiwa dunia nzima. Alihitaji kuona kabla ya kusema. Jaza macho yako kwa wanawake wa rangi yako, ukianza na shangazi zako kwenye albamu ya nyumbani.

Nimeguswa na neno lako "nimechoka". Niulize kwa upole, na hili ni kwa wote wanaosoma: kama kwa wiki mbili mfululizo una huzuni karibu siku nzima, hupati raha kwa ulivyovipenda, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, hiyo inaweza kuwa sonona. Sonona ina matibabu, na kujinenea peke yake hakuiponyi. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili, Muhimbili wapo, Mirembe Dodoma wapo, Kenya kuna Mathari Nairobi. Ukiwaza kujidhuru, leo hii mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe akupeleke.

#19 Mchangiaji

#17 hapa. Asante dada. Sina mawazo ya kujidhuru, ila hiyo ya huzuni nitaenda kuongea na mtu. Vikopo nimeviweka kwenye mfuko, Jumatatu naenda kliniki.

#20 Mchangiaji

Nina swali la mwisho mleta uzi. Mama yangu ana sukari, ana miaka sitini na kitu. Anasema kila siku "mimi siumwi, kwa jina la Yesu". Dawa anameza akikumbuka. Nikimwambia ananiona namtabiria mabaya. Huyu nimwambieje?

#21 Mleta uzi

Usimpokonye maneno yake, mwanangu. Kwa umri wake na imani yake, ukimwambia aache kukiri umempokonya fimbo anayotembelea, na hatakusikiliza tena.

Mwombe akuongezee sentensi. Mwambie: "Mama, huko kukiri kwako tuongeze shukrani. Useme, Bwana asante kwa dawa hii na kwa miguu yangu." Shukrani haigombani na imani yake, na hawezi kuishukuru dawa ambayo hajaimeza. Iwe baada ya sala ya asubuhi, kabla ya chai, na kile kikopo kikae juu ya Biblia yake au pembeni yake. Kama zake ni za kumezwa na chakula, basi iwe sala ya mezani.

Miguu nimeitaja kwa makusudi. Mwenye sukari anaweza kuumia mguuni asisikie. Jioni mkalishe, osha miguu yake, kausha katikati ya vidole, tazama kama kuna kidonda au lengelenge, mpake mafuta ila si katikati ya vidole. Ukifanya hivyo mwambie kitu anachojivunia, kwamba miguu hii ilikupeleka shule, ilienda shamba. Utashangaa atakavyoongea. Akishaongea ndipo mtakubaliana siku ya kwenda kliniki, na mkienda ombeni kipimo kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kinaitwa HbA1c. Majibu yakitoka niandikie PM tuyasome pamoja.

Nina zamu ya usiku, maswali yaliyobaki nitayajibu kesho mchana.